Hatifungani za zawadi za Uingereza: akiba iliyochanganywa na bahati

Hatifungani kwa maana yake ya kawaida ni hati ya deni: mnunuzi huikopesha serikali au kampuni fedha zake, hulipwa riba kwa vipindi vilivyokubaliwa, na muda ukitimia hurudishiwa mtaji wake wote. Hatifungani za zawadi, ambazo serikali ya Uingereza ilianza kuziuza tarehe 1 Novemba 1956 na ambazo zingali zikiuzwa hadi leo, zimejengwa kwa namna nyingine, kwa kuwa mwenye hati hapati riba yake mwenyewe, bali riba ya wenye hati wote hukusanywa katika mfuko mmoja na kugawiwa kwa kura kila mwezi, huku mtaji ukibaki salama na mwenyewe akiwa huru kuutoa wakati wowote apendapo. Kinachohatarishwa katika bahati hiyo, kwa hiyo, si fedha iliyowekwa akiba, ila ni faida ambayo fedha hiyo ingeleta kama ingewekwa mahali pengine, na historia nzima ya hatifungani hizi ni historia ya watu kupima kama faida hiyo iliyoachwa inalingana na tumaini lililonunuliwa.

Wazo lenyewe ni la kale kuliko mwaka 1956. Mwaka 1694, mwaka uleule ilipoanzishwa Benki Kuu ya Uingereza, serikali iliyokuwa imeelemewa na gharama za vita dhidi ya Louis wa 14 wa Ufaransa ilimruhusu Thomas Neale, msimamizi wa kiwanda cha kufua sarafu, aendeshe bahati nasibu ya kukusanya pauni milioni 1. Tiketi 100,000 ziliuzwa kwa pauni 10 kila moja, na zawadi kubwa kuliko zote ilikuwa malipo ya pauni 1,000 kwa mwaka kwa muda wa miaka 16; lakini jambo linalostahili kuangaliwa zaidi ni kwamba hata tiketi isiyoshinda chochote iliahidiwa pauni 1 kila mwaka kwa miaka hiyohiyo, yaani jumla ya pauni 16, ambayo ukipiga hesabu ni sawa na riba inayokaribia asilimia 6 kwa mwaka. Aliyeshindwa alikuwa bado mkopeshaji mwenye haki yake. Bahati nasibu za serikali zilizofuata katika karne ya 18 zilipoteza sifa hiyo njema na kugeuka kuwa kamari tupu, mpaka Bunge likazipiga marufuku, na ya mwisho ikachezeshwa mwaka 1826.

Harold Macmillan, Waziri wa Fedha, alipolifufua wazo hilo katika hotuba yake ya bajeti ya Aprili 1956, nchi ilikuwa ikisumbuliwa na mfumuko wa bei, na serikali ilitaka wananchi wapunguze matumizi na kuweka akiba. Benki ya Akiba ya Posta ilikuwapo tangu mwaka 1861, lakini riba yake ndogo haikuwavuta wale waliozoea kutumia shilingi zao kubashiri matokeo ya mpira wa miguu. Macmillan alishikilia kwamba mpango wake haukuwa kamari, kwa sababu mnunuzi hakuhatarisha mtaji. Harold Wilson wa chama cha Labour, aliyekuwa msemaji wa upinzani kuhusu fedha, aliuita bahati nasibu ya aibu, naye Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliulaani katika Bunge la Mabwana kwa hoja kwamba taifa lililohitaji bidii ya kazi lilikuwa likifundishwa kutegemea bahati. Pingamizi la askofu huyo lilikuwa la maadili na halikuzuia mauzo, kwani hati za thamani ya pauni milioni 5 ziliuzwa siku ya kwanza. Lakini hoja ambayo ingewafaa wanunuzi zaidi ilikuwa ya kihesabu, yaani kupima faida iliyoachwa dhidi ya nafasi ya kushinda.

Kura ya kwanza ilichezeshwa tarehe 1 Juni 1957, zawadi kubwa ikiwa pauni 1,000, kwa mashine iliyopewa jina la ERNIE. Mashine hiyo, yenye ukubwa wa gari la mizigo, iliundwa katika kituo cha utafiti cha Posta huko Dollis Hill, London, na mafundi waliokuwamo katika kuijenga Colossus, mtambo wa kielektroniki uliotumika wakati wa Vita Kuu ya Pili kuvunja mawasiliano ya siri ya Wajerumani; Tommy Flowers na Harry Fensom walikuwa miongoni mwao, na kwa kuwa kazi yao ya vita ilibaki siri ya serikali hadi miaka ya 1970, umma ulioitazama ERNIE kwa mshangao haukujua ilitokana na nini. Ndani yake umeme ulipitishwa katika mirija ya gesi ya neoni, na mgongano wa elektroni na atomi za gesi hiyo ukazaa mtikisiko wa umeme usiotabirika hata kidogo, ambao mashine iliugeuza kuwa namba zipatazo 2,000 kwa saa. ERNIE ya tano, iliyoanza kazi mwaka 2019, hutumia chembe za mwanga na kumaliza kura nzima kwa dakika 12. Uhalali wa kura unahakikiwa kila mwezi na ofisi ya serikali ya wataalamu wa hesabu za bima, na kwa upande huo hakuna sababu ya kuwa na shaka.

Mahali penye kuhitaji tafakuri ni kwingine. Miaka ya 1970 iliwapima wawekaji akiba wa Uingereza kwa ukali: mwaka 1975 bei zilipanda kwa takribani asilimia 24, na mfuko wa zawadi haukukaribia kiwango hicho, hivyo mwenye hati aliyeambiwa kwamba mtaji wake ni salama aliendelea kuwa na pauni zilezile huku uwezo wake wa kununua ukiliwa mwezi hadi mwezi. Aliyeona afadhali hisa, ambazo ni sehemu ya umiliki wa kampuni na hupanda au kushuka thamani pamoja nayo, aliumia vibaya zaidi kwanza, kwani kipimo cha hisa 30 kubwa za London kilishuka kwa zaidi ya asilimia 70 kati ya Mei 1972 na Januari 1975. Lakini asiyeuza kwa hofu aliona soko hilo likirudi juu kwa zaidi ya maradufu ndani ya mwaka huohuo wa 1975. Njia ya tatu ilifunguliwa Juni 1975, serikali ilipotoa vyeti vya akiba ambavyo thamani yake ilipanda sambamba na bei za bidhaa. Hicho ndicho kilikuwa chombo salama kwa maana halisi ya neno, na ni jambo la kusikitisha kwamba kwa miaka ya mwanzo kiliruhusiwa kwa wazee wa umri wa pensheni peke yao. Bei nchini Uingereza zimepanda zaidi ya mara 20 tangu mwaka 1956. Mtu aliyenunua hati za pauni 100 wakati huo na asishinde kitu anazo pauni 100 kamili, ambazo leo hununua kile ambacho wakati ule kingenunuliwa kwa pungufu ya pauni 5.

Hesabu za siku hizi zinaonyesha wazi zaidi nani anafaidika. Mwanzoni mwa mwaka 2025 mfuko wa zawadi ulikuwa sawa na riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na kila hati ya pauni 1 ilikuwa na nafasi 1 kati ya 22,000 ya kushinda katika kura ya mwezi. Mwenye hati 1,000 huingia katika kura 12 kwa mwaka, na kwa nafasi hiyo uwezekano wa kumaliza mwaka bila zawadi yoyote ni karibu asilimia 58, ilhali akaunti ya kawaida yenye riba ya asilimia 4 ingempa pauni 40 bila shaka yoyote. Mwenye hati 100 anakabiliwa na uwezekano wa takribani asilimia 95 wa kutoka mikono mitupu. Wastani wa asilimia 4 uliotangazwa wakati huo haukuwa uongo, lakini uliinuliwa na zawadi chache kubwa, zikiwamo zile za pauni milioni 1 zilizoanzishwa mwaka 1994, ambazo wenye hati karibu wote hawatazigusa maishani mwao. Mwenye kiwango cha juu kinachoruhusiwa, yaani pauni 50,000, kwa nafasi hiyohiyo hutarajia zawadi ndogondogo zipatazo 27 kwa mwaka, na kwa hiyo mapato yake hayayumbi sana kutoka mwaka mmoja hadi mwingine.

Zaidi ya hayo zawadi hazitozwi kodi. Msamaha huo ni wa thamani kwa tajiri ambaye riba yake ya benki ingekatwa kodi kubwa, lakini tangu Aprili 2016 mlipakodi wa kiwango cha chini hatozwi kodi kwa pauni 1,000 za kwanza za riba, kwa hiyo mwenye akiba ndogo hapunguziwi chochote ambacho angelipa. Chombo kilichobuniwa kumvuta mfanyakazi wa kipato kidogo aanze kuweka akiba, baada ya karibu miaka 70, kinamfaa zaidi mwenye fedha nyingi anayekwepa kodi kihalali, na mwenye pauni 100 angelindwa vizuri zaidi na akaunti ya riba iliyo ya kawaida kabisa.