Mshale wa Chini Unaporuka Aya Nzima

Ruangwa au Nachingwea, kijana anayejifunza kuandika programu kwa simu hukutana na jambo hili mapema kuliko mwenye kompyuta kubwa. Tuseme ameandaa, ndani ya programu ya kuandikia iitwayo Vim, orodha ya korosho, kama zile za vyama vya msingi vilivyo chini ya RUNALI, ushirika wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Kioo cha simu ni chembamba, hivyo taarifa za mkulima mmoja hujikunja mara tatu, nne. Anabonyeza mshale wa chini ashuke kidogo tu, na kielekezi, kile kijistari kinachopepesa, kinaruka mikunjo yote na kutua kwa mkulima mwingine.

Enzi za taipureta hili lisingewezekana. Kengele ililia karibu na ukingo, mpiga chapa akasukuma mkono wa chuma, karatasi ikarudi mwanzo na kupanda hatua moja. Mstari uliishia pale ulipoonekana unaishia.

Kompyuta ndiyo iliyoleta mistari ya aina mbili. Ndani yake, mstari ni herufi zote mpaka alama ya kuumaliza, hata zikiwa elfu moja. Kioo ndicho kinachoukunja. Chukua kamba ya katani uikunje mara nne: macho yanaona kamba nne, lakini ukivuta ncha unapata ileile moja.

Mwaka 1976, Bill Joy wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliandika programu ya kuandikia iitwayo vi. Mashine aliyoitumia, ADM-3A, ilionyesha herufi 80 kwa mstari, na mishale yake ilichorwa juu ya H, J, K na L. Ndiyo maana mpaka leo ndani ya vi, j hushusha kielekezi. Kushuka kulimaanisha kwenda mstari unaofuata wa faili, na sababu ilikuwa nzuri: waandishi wa programu huhesabu mistari. Kosa likiwa mstari wa 40, lazima libaki mstari wa 40 hata kioo kikiwa chembamba. Aliyeumia ni mwandishi wa barua au muhtasari wa mkutano, ambaye aya yake nzima ni mstari mmoja.

Mholanzi Bram Moolenaar alitoa Vim, iliyofuata nyayo za vi, mwaka 1991, na humo watu wa pande zote mbili wakapata haki yao: j ilibaki na kazi yake ya zamani, gj ikashuka mkunjo mmoja kadiri jicho linavyoona. Emacs, programu nyingine kongwe, ilikuja kufuata jicho bila kuambiwa kuanzia toleo la 23, mwaka 2009.

Namheshimu Moolenaar kwa zaidi ya hilo. Mwaka 1994 alijitolea katika kazi za maji na usafi kwenye kituo cha watoto Kibaale, kusini mwa Uganda. Vim akaitoa bure, akiomba tu kwamba anayeipenda awachangie watoto wale. Alifariki tarehe 3 Agosti 2023, lakini ombi lake bado hutokea kwenye kioo Vim inapofunguliwa bila faili.

Kwa hiyo, kijana wangu wa Ruangwa, toka kwanza kwenye hali ya kuandika ya Vim, la sivyo herufi zitaandikwa tu. Bonyeza g, kisha j. Kielekezi kinashuka mkunjo mmoja, bado kwa mkulima yuleyule, kwenye kilo zake ulizotaka kuzirekebisha.