HISTORIA YA MIDOLI, SEHEMU YA 5: Mgeuze Askari, Tazama Kitako

Tunaendelea na mfululizo wetu wa vitu vinavyoishia mdomoni mwa mtoto. Leo ni zamu ya askari wa kuchezea, vile visanamu vidogo vya chuma laini au plastiki vilivyopakwa rangi kwa brashi nyembamba.

Najua kuna watakaosema, "Nesi, hivi si vya kwetu." Subirini kidogo. Ninyi mlio Uingereza, Ujerumani au Marekani, wengine mnaishi navyo kabatini: ni vya mume, vya shemeji, au baba mkwe kaviacha. Na sisi tulio huku, boksi la midoli ya mitumba halituambii limetoka nyumba gani.

Leo usiangalie kofia wala bunduki yake. Mgeuze, umtazame miguuni. Pale chini pana kitako kinachomfanya asimame, na kila kitako kilipobadilika, hatari kwa mtoto nayo ilibadilika.

KITAKO CHA KWANZA: RISASI

Tuanzie Nuremberg, Ujerumani, karne ya 18. Mafundi wa mji ule walimimina bati lililochanganywa na risasi kwenye kalibu za mawe, wakatoa askari bapa, mwembamba kama sarafu. Kitako kilitoka pamoja naye, kipande kimoja. Mwaka 1848 fundi mmoja wa hukohuko, Ernst Heinrichsen, akachagua kimo cha milimita 30, na kimo hicho kikaja kuwa cha kawaida kwa askari wa aina hiyo.

Ninaposema risasi, nina maana ya yale madini ya kijivu, mazito na laini, yaleyale yaliyomo kwenye betri ya gari.

Mwaka 1893 London, William Britain akaja na ujanja wake. Unamimina risasi iliyoyeyuka kwenye kalibu, ile inayogusa ukuta inaganda kwanza, halafu unaimwaga ya katikati kabla haijashika. Unabaki na askari mwenye uwazi ndani, mwepesi na wa bei nafuu. Hapo ndipo askari wa risasi walipoingia nyumba nyingi za Uingereza. Na waliokaa kiwandani kuwapaka rangi, wengi wao walikuwa wanawake.

Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells, baba wa watoto wawili wa kiume, akatoa kitabu cha kanuni za mchezo wa vita wa kuchezea askari hao. Mchezo wenyewe ulichezwa sakafuni. Mwaka uliofuata vita vya kweli vikaanza Ulaya. Lakini mimi kama nesi, neno linalonishtua kwenye habari hii ni "sakafuni", maana hapo ndipo anapotambaa mtoto wa miezi minane.

Sasa sikia risasi inafanya nini. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akiimeza, mwili wake unaifyonza mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima. Inakwenda kwenye ubongo unaokua, na inajificha kwenye mifupa kwa miaka. Mama akiwa mjamzito, ile ya kwenye mifupa yake inaweza kurudi kwenye damu na kupita kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Na dalili zake hazina kelele: tumbo kuuma, choo kigumu, damu kupungua, mtoto kuwa mkali bila sababu, kuchelewa kujifunza. Nani atamfikiria askari wa kabatini?

Kampuni ya Britains iliacha kutengeneza askari wa risasi mwaka 1966, sheria za usalama wa midoli zilipokuwa zinakaza. Plastiki ikachukua nafasi. Kwa midoli ya watoto, mlango ukaanza kufungwa.

KITAKO CHA PILI: PLASTIKI

Lakini dirisha lilibaki wazi. Visanamu vya michezo ya vita ya mezani viliuzwa kama vitu vya watu wazima, na vingi viliendelea kuwa na risasi hadi miaka ya 1990, viwanda vilipoanza kuhamia kwenye bati lisilo na risasi.

Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya Citadel ya Uingereza ilileta kitako kipya: plastiki nyeusi yenye mfereji. Chini ya miguu ya kisanamu kuna ulimi mdogo wa chuma unaochomekwa pale, kisha gundi. Hapa mama anaweza kudanganyika. Akigeuza anaona plastiki, anajua kitu chote ni plastiki. Kumbe juu ya kitako kile anaweza kuwa amesimama askari wa risasi.

Vipimo vilizoeleka: duara la milimita 25, au mraba wa milimita 20. Kisha visanamu vikaanza kunenepa na kurefuka, vikawa vinaanguka. Mwaka 2015 wachezaji wa Warhammer 40,000 wakaona askari wao wa kawaida wakija na duara la milimita 32. Januari 2024 mchezo wa Warhammer: The Old World ulipotoka, binadamu walitoka mraba wa 20 wakaenda 25, na maorki wakatoka 25 wakaenda 30.

Utasema, milimita tano tu? Kwenye mchezo ule umbali hupimwa kutoka ukingo wa kitako, na askari hupangwa safu bega kwa bega. Kwa hiyo kitako ni sheria ya mchezo. Fikiria baba mwenye askari mia mbili aliowapaka rangi usiku mmoja mmoja, miaka na miaka. Hataki kuwatupa, hataki rangi ibanduke. Anafanyaje?

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kumng'oa askari kwa koleo, kukata ulimi kwa msumeno, kusawazisha miguu kwa tupa au msasa, kisha kumbandika kwenye kitako kikubwa. Ya pili ni kubandika kitako cha zamani juu ya kipya bila kumgusa askari. Shida yake ni kwamba anakuwa mrefu kama kapanda ngazi. Ya tatu ni pete: duara la plastiki lenye tundu katikati, kitako cha zamani kinakaa ndani, ukingo wa nje unatimiza kipimo kipya. Kwa miraba kuna trei zenye vyumba vilivyoachana, askari wanatumbukizwa kama mayai kwenye trei. Gundi kidogo, mchanga na rangi ukingoni, kazi imekwisha.

Wenye mchezo wanapenda pete na trei kwa sababu zinaokoa rangi. Mimi nazipenda kwa sababu nyingine: hazitoi vumbi. Askari wa risasi aliyetulia kabatini, aliyefunikwa rangi, hatari yake ni ndogo. Siku unayomkata na kumpiga tupa, unaigeuza risasi kuwa unga. Unga ule unatua kwenye meza ya chakula, kwenye zulia, kwenye shati ambalo mtoto atalilalia baba akimbeba. Mtoto hahitaji kumeza askari. Anahitaji tu kulamba vidole.

KITAKO CHA TATU: SUMAKU

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa Japani na Marekani, kila upande kivyake, waligundua sumaku za neodimiamu: ndogo kama punje ya dengu lakini zina nguvu ajabu. Leo wachezaji wengi huzibandika chini ya vitako ili askari wasianguke kwenye boksi la chuma. Na wakati wa kuzibandika ni huohuo wa kubadilisha vitako, sumaku zikiwa zimemwagika mezani.

Mtoto akimeza moja, inaweza kupita. Akimeza mbili kwa nyakati tofauti, moja ikiwa utumbo huu na nyingine utumbo ule, zinavutana. Nyama ya utumbo inabanwa katikati, inakosa damu, inatoboka. Mwanzoni mtoto anacheza vizuri tu, kisha anatapika, tumbo linauma, homa inapanda. Hapo ni upasuaji.

Kwa hiyo ukihisi mtoto amemeza sumaku, usingoje choo cha kesho na usimtapishe. Nenda hospitali saa hiyohiyo, useme neno "sumaku" mapokezini, apigwe picha ya eksirei. Beba inayofanana nayo kama ipo.

TUFANYEJE SASA

Usianzishe ugomvi, jamani. Visanamu hivi ni kazi ya mikono na ni kumbukumbu ya mtu. Ombeni haya tu:

1. Kisanamu kizito kuliko ukubwa wake, laini, kinachoacha alama ya kijivu ukikisugua kwenye karatasi, kihesabu kuwa ni cha risasi. Hiyo ni ishara, si kipimo cha maabara.

2. Ukiona unga mweupe au wa kijivu miguuni mwa askari wa zamani, ni risasi inayoliwa na hewa yenye asidi, mara nyingi ile ya kabati la mbao. Usiupulize. Weka kwenye mfuko uliofungwa, nawa mikono kwa sabuni.

3. Vitako vya askari wa risasi vikuzwe kwa pete au trei, si kwa tupa. Ikibidi kukata, isiwe jikoni wala chumbani kwa mtoto. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisifagiliwe, na nguo zibadilishwe kabla ya kumbeba mtoto.

4. Sumaku zihesabiwe kabla ya kazi na baada ya kazi. Ikipungua moja, itafutwe usiku huohuo.

5. Kama mtoto amekuwa akichezea askari hawa na una wasiwasi, omba apimwe damu kiwango cha risasi. Si kila hospitali ina kipimo hiki, lakini uliza.

Kwenye boksi la mitumba, kisanamu usichojua kimetengenezwa kwa nini kiache hapohapo sokoni. Mtoto hatalia muda mrefu, atapata kifuniko cha sufuria.

Sehemu ya 6 tutaongelea rangi za vitanda vya watoto. Mtumie mama mwenzio hii, hasa yule ambaye mumewe ana meza asiyotaka iguswe.