Mwezi Mwandamo katika Mji wa Bweranyange

Katika nchi ya Karagwe, ambayo leo ni Wilaya za Karagwe na Kyerwa katika Mkoa wa Kagera, mwezi ulikuwa na kazi ya serikali. Ulipoandama, ngoma zililia mbele ya nyumba ya Mukama katika mji wa Bweranyange; wakuu wakaja mmoja mmoja, mkuki au fimbo mkononi, wakajigamba kwa sauti kubwa na kuapa utii. Mtu wa Rugu, asiyezisikia ngoma hizo, aliuona mwezi ule ule juu ya vilima vyake, akajua kuwa jambo gani lafanyika mjini. Hapakuwa na karatasi wala tarehe iliyochapwa. Mwezi ulikuwa ndio tarakimu, na ngoma ndiyo iliyoisoma.

Majigambo hayo hayakuwa kelele tupu, ingawa mgeni asiyejua lugha angeweza kudhani hivyo. Katika nchi za Wahaya na Wanyambo, na hata ng'ambo katika Nkore, kujisifu mbele ya mfalme ni utungo wenye kanuni zake. Wahaya huuita ebyebugo. Msemaji hutaja jina lake la vita, hutaja alichokifanya na atakachokifanya, hana ruhusa ya kusitasita, na wanaomsikiliza ni mahakimu. Kwa hiyo kila mwezi mpya ulizaa mashairi, na mashairi hayo yalikuwa pia hesabu ya watu: aliyekuja alihesabiwa kuwa mtii, na asiyekuja aliulizwa sababu.

Tarehe 25 Novemba 1861 wageni wawili Waingereza walifika mjini hapo, John Hanning Speke na James Augustus Grant. Mukama Rumanyika aliwasalimu kwa Kiswahili kizuri. Jambo ambalo si la kushangaza, kwa kuwa wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa na makao yao Kafuro, karibu na mji, na walikuwa wamekwisha kuingia hata katika ugomvi wa urithi wa kiti. Speke alikuwa mwanajeshi, lakini katika safari hii kazi yake kubwa ilikuwa ya kupima. Alibeba saa za kutunzia wakati, vipimajoto vya kutia katika maji yachemkayo ili kujua kimo cha nchi, na sekstanti, yaani chombo cha kupimia pembe kati ya vitu viwili vilivyo angani. Mwaka huo huo Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilikuwa imempa nishani ya dhahabu kwa safari yake ya kwanza.

Kazi ya mpimaji wa namna hiyo ni ya kuchosha, tena haina fahari. Kujua latitudo si kugumu sana: hupimwa kimo cha jua au nyota ikatizapo mahali pa juu kabisa, na hesabu hufanywa. Taabu iko katika longitudo. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa. Basi atakaye kujua yuko umbali gani mashariki ya Greenwich lazima ajue saa ya hapo alipo na saa ya Greenwich kwa wakati ule ule. Saa zilizobebwa kichwani na wapagazi kwa mamia ya maili, zikiangushwa na kulowa, haziaminiki. Kwa hiyo mpimaji alikimbilia saa isiyoanguka, nayo ni mwezi. Mwezi husogea miongoni mwa nyota kila usiku. Kitabu cha falaki cha mabaharia kilionyesha mapema utakuwa mbali kiasi gani na nyota fulani kwa saa fulani ya Greenwich. Na aliyeipima nafasi hiyo Karagwe aliweza kuisoma saa ya Greenwich juu ya kichwa chake. Lakini kosa dogo mno la pembe humtupa mtu maili nyingi. Hukesha, hupima mara kumi, huandika kwa mwanga wa mshumaa, na mawingu yakipita huanza tena.

Hapa pana jambo la kupendeza. Mwezi wa Rumanyika na mwezi wa Speke ulikuwa mmoja, lakini haukuwafaa kwa siku moja. Usiku wa mwandamo, ngoma zinapolia, mwezi u karibu sana na jua, na mpimaji hawezi kuutumia. Sharti angoje siku kadhaa ujitenge. Sherehe ya mmoja ilikuwa mapumziko ya mwingine.

Yawezekana kwamba ni kuona vyombo hivyo kulikomfanya Rumanyika aulize maswali yake, na yawezekana pia kwamba alikuwa nayo tangu zamani, akakosa tu wa kumwuliza. Speke ameyahifadhi katika kitabu chake cha mwaka 1863. Mukama alitaka kujua kama jua la leo ni lile lile la jana, au huja jipya kila siku. Na kama mwezi hubadili sura yake ili kuwacheka binadamu walio duniani. Aliuliza pia ni kitu gani kilicho kikubwa kuliko vyote, akajaribu jibu mwenyewe: mtu haishi zaidi ya miaka mia, mti huishi zaidi, lakini ardhi haifi. Kitabuni mambo haya yamekaa kama vioja vya mtawala mwenye akili nzuri aishiye mbali. Huko ni kuyasoma vibaya. Swali la jua lilikuwa swali la falaki lililo halali kabisa, na Wayunani wa kale walibishana juu yake. Swali la mwezi ni ushairi uliokamilika: lina uso, lina kicheko, lina aibu ya watu wafao wakitazamwa na kitu kifacho na kufufuka kila mwezi. Mfalme aliyekuwa akiapiwa utii kila mwandamo alikuwa na haki ya kushuku kwamba kinachomletea viapo hivyo kinamcheka.

Mbingu ilikuwa na sehemu pia katika habari ya kutawazwa kwake. Rumanyika aligombea kiti na ndugu zake, Rogero na Nnanaji. Kwa masimulizi aliyopewa Speke, ngoma ndogo iliwekwa mbele yao. Wenzake wakashindwa kuiinua, yeye akainyanyua kwa kidole kidogo. Tena palikuwa na jaribio la pili: mteule huketi juu ya kipande cha ardhi, na ardhi hiyo hupanda pamoja naye mpaka mbinguni, akikubaliwa hushushwa polepole, akikataliwa huporomoka. Speke alipotafuta mfano wa kupanda huko, alitaja darubini inavyorefushwa. Hadithi ikatoka katika kinywa cha Karagwe ikavikwa chombo cha mpimaji, wala mwandishi hakuonekana kutambua alichokifanya.

Akiwa Karagwe Speke aliiona kwa mbali, upande wa magharibi, milima ya Mfumbiro, akadhani ndiyo Milima ya Mwezi. Jina hilo lilikuwa la kale. Limo katika Jiografia ya Ptolemaio wa Aleksandria, mwanafalaki wa karne ya pili, ingawa wako wataalamu wanaosema habari hiyo iliongezwa na mikono ya baadaye. Ptolemaio hakufika huku. Alikusanya habari za wasafiri na kuzipanga kwa digrii. Jina zuri likaishi zaidi ya miaka elfu moja, likiwavuta watu kama wimbo unavyovuta, na msafiri aliyekuja na sekstanti alikuja pia na jina hilo akilini.

Ndoto hiyo ilikuwa na gharama. Katika mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani ziligawana nchi hizi kwa mstari wa digrii moja kusini ya Ikweta. Na Waingereza wakaweka sharti kwamba mlima Mfumbiro, hata ukionekana kuwa kusini ya mstari, uwe upande wao. Walioandika hawakuujua mlima huo: si mlima mmoja, bali ni safu ya volkano. Kati ya mwaka 1902 na 1904 tume ya mataifa hayo mawili ilikuja kuutafuta mstari ardhini kwa kupima nyota. Kwa kazi hiyo, mpaka hufuata Mto Kagera hadi mto unapoukata mstari wa digrii moja, kisha huuacha mto na kunyoosha mashariki hadi ziwani. Nchi iliyobaki kaskazini ya mto, kusini ya mstari, ndiyo ile ambayo majeshi ya Idi Amin yaliivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, na Amin akadai kuwa mpaka wa haki ni mto. Waliokimbia makwao mwaka ule walikuwa wakikimbia, pamoja na bunduki, hesabu ya nyota iliyofanywa kabla ya wengi wao kuzaliwa. Hakuna mcheza nanga aliyeulizwa mstari upite wapi.

Lakini yako mambo ambayo wimbo na simulizi vimeisaidia elimu ya falaki na kuisaidia historia. Ng'ambo ya mpaka, katika Biharwe ya Nkore, masimulizi yasema kuwa Mukama Olimi wa Bunyoro aliteka ng'ombe wa Ntare wa Nkore, kisha jua likaanguka toka mbinguni, naye akaogopa akawaacha. Wenye kuhesabu kupatwa kwa jua walipata tarehe 17 Aprili 1520. Wako wanaoikubali tarehe hiyo na wako wanaoikataa, na kukataa kwao kuna hoja. Hata hivyo ni neno kubwa kwamba watu wasioandika walihifadhi giza la mchana mmoja kwa vizazi, likahojiwa na wataalamu kama shahidi. Kilicholihifadhi si nambari. Ni ng'ombe, hofu na aibu ya mfalme, yaani vitu vinavyosimulika.

Nanga za Wahaya zimepata wasomi wake: Mugyabuso Mulokozi katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya mwaka 1986, na Peter Seitel katika kitabu cha mwaka 1999. Majigambo ya mwandamo wa Bweranyange hayakupata bahati hiyo. Speke aliandika mikono ilivyorushwa na sauti zilivyopaa. Maneno yenyewe hayakuandikwa, ilhali pembe alizozipima zilichapwa.

Speke aliondoka kwenda Buganda Januari 1862. Grant hakuweza kwenda. Mguu wake ulikuwa na kidonda kibaya, akabaki kwa Rumanyika mpaka Aprili. Alilala kibandani mwake akichora picha, akikusanya mimea aliyoletewa, akisikiliza nanga, ambayo aliihesabia nyuzi zake na kuisifu kuliko ala nyingine za huko. Katika muda huo mwezi uliandama mara tatu, na ngoma zikalia kila mara, na mtu asiyeweza kusimama akazisikia zote.