Kutoka "ni Afya" hadi "ni Amri"

Ukizipanga pamoja kampeni za redio za Tanzania ya zama za Mwalimu, utaona kuwa karibu zote zimefinyangwa na mkono mmoja. Kupanga ni Kuchagua, 1969. Uchaguzi ni Wako, 1970. Mtu ni Afya, 1973. Chakula ni Uhai, 1975. Misitu ni Mali, 1980. Katikati yake imo Wakati wa Furaha ya 1971, ya kuadhimisha miaka kumi ya uhuru, ambayo haina "ni" yoyote, labda kwa sababu furaha haihitaji kuthibitishwa.

"Ni" ni neno dogo, na halina nguvu ya kuamuru. Linakuambia kwamba kitu hiki ndicho kile, kisha linakuacha na mawazo yako. Ukisikia "Mtu ni Afya" hujaambiwa uchimbe choo. Umeambiwa jambo kuhusu mtu, na safari ya kutoka kwenye jambo hilo hadi chooni umeachiwa mwenyewe.

Nasoma historia, si isimu, lakini neno hili limenisumbua tangu nilipoanza kusoma habari za kampeni ya 1973 kwa ajili ya tasnifu yangu. Maana mwaka huohuo, baada ya miezi michache tu, taifa lilitangaziwa jambo jingine kwa "ni" hiyohiyo. Safari hii mbele yake kulikuwa na amri.

Tuanze na redio yenyewe. Matangazo ya Sauti ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951, chini ya Waingereza. Mwaka 1965 serikali ya uhuru iliishika redio moja kwa moja, ikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na hadi vyombo vya watu binafsi viliporuhusiwa miaka ya tisini, Tanzania Bara haikuwa na redio nyingine ya kwake. Aliyezaliwa na simu mkononi atapata taabu kulipiga picha jambo hili. Taarifa ya habari, matangazo ya vifo, mpira, taarabu, hotuba ya Rais na ushauri wa bwana shamba, vyote vilipita kwenye tundu moja. Na redio zenyewe zilikuwa chache. Mwenye redio alikuwa na wageni kila jioni, na betri zikichoka zilianikwa juani ili zipate uhai wa siku mbili tatu.

Theluthi mbili hivi ya watu wazima hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha sema, alipoutambulisha mpango wa kwanza wa maendeleo mwaka 1964, kwamba nchi haiwezi kuwasubiri watoto wakue ndipo mambo yabadilike. Lazima ianze na watu wazima. Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1970 akautangaza mwaka huo kuwa wa elimu ya watu wazima. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyokuwa bado chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiyo iliyopewa mzigo. Swali lake lilikuwa la vitendo: utamfundishaje mtu asiyesoma, aliye Kasulu au Newala, kwa chombo kinachosema bila kusikia?

Jibu lilitoka mbali. Huko Kanada, kuanzia mwaka 1941, wakulima walikuwa wakikusanyika sebuleni kwa jirani kusikiliza kipindi kimoja cha redio, kisha wakakijadili, wakaandika walichokubaliana na kukituma kwa posta, na muhtasari wa majibu yao ukasomwa hewani. Kaulimbiu yao ilikuwa soma, sikiliza, jadili, tenda. Shirika la UNESCO liliupeleka mtindo huo India, katika vijiji vya jirani na Pune, mwaka 1956. Ulipofika Tanzania ulikuta watu ambao tayari wana desturi ya kusikiliza redio kwa kundi. Kilichoongezwa ni kitabu, kiongozi wa kikundi na ratiba.

Katikati ya mwaka 1973, kwa wiki kumi na mbili, kipindi cha Mtu ni Afya kilisikika nchi nzima. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamefunzwa, kwa mafunzo yaliyoshuka ngazi kwa ngazi kutoka Dar es Salaam hadi mikoani, wilayani na kwenye kata. Vitabu vilichapwa kwa mamia ya maelfu, kwa msaada wa Sweden. Waliojiunga na vikundi wanakadiriwa kuwa milioni mbili, katika nchi yenye watu milioni 14 hivi ukiwahesabu na watoto wachanga. Siku ya kipindi ilipofika watu walikaa, redio ikafunguliwa, wakasikiliza habari za malaria, au kichocho, au safura, au kuhara damu, au kifua kikuu. Redio ikazimwa. Ajuaye kusoma akawasomea wenzake sura ya wiki ile. Kisha wakaulizana: sisi hapa tunaupata wapi ugonjwa huu? Tufanye nini kabla ya wiki ijayo?

Hapo penye kuzima redio ndipo ninapopapenda. Wanaoandika juu ya "nguvu ya vyombo vya habari" huiona kampeni hii kama ushahidi wa jinsi redio inavyoweza kuwageuza watu, na hutaja maelfu kwa maelfu ya vyoo vilivyochimbwa, madimbwi yaliyofukiwa na majani yaliyofyekwa kuzunguka nyumba. Ni kweli vilichimbwa. Budd Hall, mtafiti aliyekuwa kwenye Taasisi wakati huo na baadaye akaandika kitabu kizima juu ya kampeni hiyo, alionyesha kuwa mabadiliko yalionekana majumbani na si kwenye ripoti peke yake. Lakini kipindi cha redio kilikuwa sehemu fupi ya mkutano. Sehemu ndefu ilikuwa ya majirani kuambiana mambo ambayo Dar es Salaam haikuyajua: kwamba bondeni kuna dimbwi lile, kwamba kwa fulani watoto hucheza mtoni karibu na konokono, kwamba choo cha shule kimebomoka. Mtu akiahidi mbele ya jirani yake kuwa Jumamosi atachimba, hiyo si ahadi kwa redio. Akipita asubuhi kwenda shambani, jirani ataangalia kama jembe limegusa ardhi.

Sitaki kuipamba kampeni hii kupita kiasi. Mada zilichaguliwa Dar es Salaam. Kikundi kiliweza kujadili namna ya kujikinga na safura, lakini hakikuulizwa kama safura ndiyo shida yake ya kwanza, au ni umbali wa zahanati, au bei ya zao lake. Na ushauri wenyewe ulikuwa na mwenye kuulipia. Chukua ule wa kuchemsha maji ya kunywa. Ukisemwa hewani unachukua sekunde tano. Kijijini unataka kuni, na kuni zina mwenye kuzibeba, naye ni yuleyule aliyeteka maji, aliyetwanga, aliyetoka shamba akiwa na mtoto mgongoni. Redio ilisema "chemsheni", kwa wingi, kana kwamba kaya nzima itainama kwenye moto. Sidhani kama baba wengi walibadilisha ratiba zao. Kampeni iliwafundisha watu kuwa ugonjwa huanzia nyumbani, na fundisho hilo, pamoja na ukweli wake, liliirahisishia serikali maisha.

Hata hivyo kikundi kilibaki na nafasi ya kusema "hili kwetu haliwezekani". Pengine hilo ndilo linalotenganisha ushauri na mambo mengine yote yanayofanana nao. Anayeshauriwa anaweza kukataa, na kesho mkaendelea kusalimiana.

Septemba 1973 mkutano mkuu wa TANU uliazimia kwamba hadi kufikia mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji. Mapema Novemba Mwalimu akawatangazia wananchi. Alieleza yale ambayo serikali imewafanyia wakulima, akauliza wao kwa upande wao wamefanya nini, kisha likaja lile lililobebwa na vichwa vya magazeti: kuishi vijijini sasa ni amri. Nimelisoma swali lake mara nyingi. Ni swali la haki, unaweza kubishana juu yake jioni nzima. Ila safari hii hapakuwa na kikundi, hapakuwa na kiongozi aliyefunzwa kusubiri jibu, wala wiki ijayo ya kuleta mrejesho. Swali liliulizwa hewani likajibiwa na aliyeliuliza.

Yaliyofuata yanajulikana, ingawa vitabu vyetu vya shule viliyapitia kwa aya moja. Mwaka 1974 na 1975 ulikuwa wakati wa operesheni: malori, mgambo, mamilioni ya watu kuhamishwa. Wengine walihama umbali wa kutembea kwa miguu, wengine walipelekwa mahali wasipopajua. Katika baadhi ya maeneo nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi.

Sasa rudi kwenye vyoo. Choo cha shimo hakihamishiki. Familia iliyokaa kwenye kikundi katikati ya 1973, ikakubaliana na majirani, ikachimba kwa mikono yake shimo la futi kadhaa na kulijengea banda la nyasi, kisha ikapakiwa kwenye lori mwaka 1974, ililiacha shimo lile na ahadi yake. Hakuna ripoti niliyokutana nayo inayohesabu mashimo ya namna hiyo. Huko walikopelekwa, mahali nyumba zimesogeleana kuliko zamani, choo kilikuwa na haja kubwa zaidi, na jirani aliyeshuhudia ahadi ya kwanza huenda alikuwa ametupwa kijiji kingine.

Kwenye semina mwenzangu mmoja aliniambia kuwa naona tofauti pasipo na tofauti. Kwake Mtu ni Afya ilikuwa mazoezi ya operesheni: ngazi zilezile, viongozi walewale, balozi wa nyumba kumi yuleyule aliyeorodhesha wanakikundi ndiye aliyeorodhesha wa kuhamishwa. Hoja yake ina uzito. Kama umewazoeza watu kwa miaka minne kukusanyika redio inaposema, umejenga njia, na njia haichagui mzigo. Lakini siwezi kuikubali yote. Watu milioni mbili walijiunga na kampeni bila lori kuwasubiri nje. Iwapo serikali ilikuwa na ushahidi mikononi mwake, Agosti 1973, kwamba wakulima wakipewa kitabu, muda na nafasi ya kubishana hufanya kazi kubwa kwa hiari yao, basi amri ya Novemba ni ngumu zaidi kuitetea. Haiwezi kusemwa kwamba njia nyingine haikujulikana. Ilikuwa imejaribiwa miezi mitatu kabla.

Chakula ni Uhai ikafuata mwaka 1975, kukiwa kumetoka kuwa na ukame na upungufu mkubwa wa chakula. Vikundi vilikaa tena, mara nyingi katika vijiji vipya. Mtu aliyetolewa kwenye shamba lake la migomba akajadili mlo kamili.

Miaka ishirini baada ya Mtu ni Afya, redio ileile iligundua njia ya tatu. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha igizo liitwalo Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Mtindo wake ulitoka kwa Miguel Sabido wa Mexico, aliyetumia tamthilia kufundisha, na nadharia ilitoka kwa mwanasaikolojia Albert Bandura: watu hujifunza kwa kuwatazama wenzao. Angalia na jina. "Ni" imeondoka. Imekuja "twende", ambayo si tamko wala amri. Ni mwaliko, na mwalikaji amejiweka ndani ya safari. Badala ya daktari, wasikilizaji walipewa Mkwaju, dereva wa lori mlevi mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu, aliyechoka taratibu hadi akaanza kujisimamia. Hakuna aliyeambiwa asiwe kama Mkwaju. Waliachwa wacheke, wamchukie, kisha wamtambue mtu wa mtaani kwao.

Ushawishi wa namna hii una upole ambao amri haina. Una pia jambo ambalo ushauri hauna: msikilizaji hajui kuwa kuna somo linaendelea. Na katika suala hili hakujua pia kuwa kuna utafiti. Ili kupima kama igizo linafanya kazi, watafiti walihitaji sehemu ya nchi isiyolisikia. Dodoma ilikuwa na mtambo wake ulioweza kurusha kitu kingine saa ile, basi Dodoma ikachaguliwa. Kwa miaka miwili, wakati mikoa mingine ikimfuatilia Mkwaju, huko kilisikika kipindi kingine. Matokeo yaliyochapishwa baadaye yalionyesha kuwa kwingineko matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda kuliko Dodoma, na wasikilizaji wengi walieleza kuwa wamepunguza idadi ya wapenzi. Kwa sayansi ni utafiti safi, mojawapo ya ile inayotajwa sana duniani katika fani ya mawasiliano. Kwa mtu aliyeambukizwa Dodoma mwaka 1994 ni habari nyingine.

Mwaka 1995 kipimo kilikuwa kimekwisha, na Mkwaju akaanza kusikika Dodoma.