Nauli, Bima na Ushuru: Maneno ya Bandari katika Tovuti ya Muuza Magari

Makala hii yahusu istilahi chache za biashara ya magari yaliyotumika, kama zionekanavyo katika tovuti za wauzaji wadogo wa nchini. Rangi ya gari, usukani na matairi yake huelezwa kwa Kiswahili kizuri. Lakini ifikapo bei, mwandishi huiacha lugha yake na kuweka herufi tatu tu, CIF, kana kwamba Kiswahili hakijapata kununua kitu kilichovuka bahari.

Historia ya pwani yetu yakanusha jambo hilo. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji uliotajirika kwa biashara ya ng'ambo, na maneno ya biashara hiyo yamebaki nasi. Nauli, neno lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa ujira wa chombo cha baharini kabla halijawa ujira wa basi. Bima limetoka Uajemi kwa njia ya Bara Hindi. Forodha lilikuwa jina la mahali pa kupakulia shehena. Ushuru latokana na neno la Kiarabu la sehemu moja ya kumi, kiwango ambacho mwagizaji gari wa leo angekipokea kwa shukrani!

Hata gari lenyewe, lilipoingia, lilipewa maneno yaliyokuwapo. Gari ni neno la Kihindi, nalo liliitwa mikokoteni na treni ya moshi kabla ya motokaa. Usukani ulitwaliwa katika jahazi. Waswahili hawakungoja kamati. Gia, breki na klachi zilikopwa kwa kuwa jahazi halikuwa na vitu hivyo.

Sasa tumfikirie mkulima wa ufuta wa Mitole, wilayani Kilwa, aliyeuza mazao yake na kutaka gari dogo la mizigo kutoka Japani. Aona bei katika simu, na mbele yake zile herufi tatu. Aidhania kuwa ndiyo bei yote. Kumbe ni bei ya gari, bima na nauli hadi bandari ya Dar es Salaam tu. Ushuru wa forodha, kodi nyinginezo, tozo za bandari na usajili bado. Gari likiwa kuukuu, huongezwa ushuru wa uchakavu. Gari laweza kukaa bandarini, gharama za kulihifadhi zikiongezeka, huku mwenyewe akitafuta fedha ambazo hakujua kuwa zatakiwa. Muuzaji hakusema uongo. Lakini hakueleweka, na mnunuzi huyo hatarudi wala hatamleta jirani yake.

Kwa hiyo twapendekeza bei zitajwe kwa majina matatu. Bei ya melini iwe ile ya gari lililokwisha kupakiwa huko litokako, bila nauli wala bima. Bei hadi bandarini ichukue nafasi ya CIF. Bei kamili iwe pamoja na ushuru, kodi, tozo na usajili. Nayo iandikwe kwa shilingi, kwa tarakimu kubwa kuliko zile mbili, pamoja na tarehe iliyokadiriwa, maana thamani ya fedha hubadilika. Herufi za kigeni zaweza kubaki pembeni kwa ajili ya wakala wa forodha, ambaye hati zake za meli bado huzitumia.

Wako watakaosema kuwa bei hadi bandarini ni refu mno. Lina maneno matatu, na kila moja laeleweka Mitole.