Lugha za Tiba na Masikio ya Wachimbaji wa Shinyanga na Geita

Kifaransa ni miongoni mwa lugha za kwanza zilizotumika kuandika habari za tiba ya kizungu katika nchi za Wasukuma na Wanyamwezi. Mwaka 1883 Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kwa jina la Mapadri Weupe, walifungua kituo Bukumbi, karibu na Mwanza. Mwaka 1891 wakafungua kingine Ushirombo, mahali ambapo leo pako katika Wilaya ya Bukombe, mkoani Geita. Shirika lao lilikuwa limeanzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie, na kila kituo kilitakiwa kuwa na shajara ya mambo ya kila siku: wageni, mvua, njaa, magonjwa na dawa zilizotolewa. Shajara hizo ziliandikwa kwa Kifaransa. François Gerboin, Mfaransa aliyeongoza vikariati ya Unyanyembe kuanzia mwaka 1897 hadi alipofariki mwaka 1912, alikuwa na makao yake hapo Ushirombo.

Kabla yao tiba ilikuwa na shule zake. Bafumu, yaani waganga wa jadi, walifundisha wanafunzi wao kwa miaka, mwanafunzi akimfuata mwalimu porini kuchimba mizizi na kukaa naye mgonjwa anapoletwa. Kilichokuja na wamisionari ni namna nyingine ya kufundisha, yenye vitabu, mitihani na cheti, ambayo mtu aliifuata ng'ambo ya bahari.

Mpango wa Lavigerie ulikuwa wa ujasiri kwa wakati wake. Badala ya kungoja madaktari kutoka Ulaya, aliwachagua vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani, akawapeleka kisiwani Malta wasomee udaktari, kisha warudi barani wakiwa waganga na makatekista kwa pamoja. Anayejulikana zaidi kati yao ni Adrien Atiman, aliyezaliwa yapata mwaka 1866 karibu na Timbuktu, nchini Mali, akatekwa akiwa mtoto na kuuzwa kuvuka Sahara. Alisoma Malta kuanzia mwaka 1881 hadi 1888 na kufika Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Hakuondoka tena. Alitibu watu huko kwa zaidi ya miaka 65 hadi alipofariki mwaka 1956, na habari za maisha yake zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946. Wenzake wachache waligawanywa katika vituo vingine vya maziwa makuu. Lugha ya jumuiya iliyomlea Atiman ilikuwa Kifaransa, wagonjwa wake walisema Kifipa, Kibende na Kiswahili, na yeye akawa katikati. Mpango wa Malta haukudumu, na ni hasara: isingekuwa hivyo, Tanganyika ingekuwa na madaktari Waafrika wengi miongo kadhaa kabla ya kuanza kuwafundisha yenyewe.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Kiingereza kilishika nafasi ya kwanza katika elimu ya tiba. Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, hospitali ya Africa Inland Mission ilikuwa tayari inahudumia wagonjwa na baadaye ikafundisha wauguzi. Serikali ya kikoloni nayo ilifundisha wahudumu wa kufunga vidonda kwa ajili ya zahanati za watawala wa jadi, kisha waganga wasaidizi. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchini Kongo, mambo yalikwenda njia nyingine. Wabelgiji walifundisha kwa Kifaransa: Chuo Kikuu cha Louvain kiliunda mfuko wa tiba uitwao FOMULAC mwaka 1926, ambao baadaye ulikuwa na hospitali Katana, karibu na Bukavu, chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Kinshasa mwaka 1954, na chuo kikuu cha Lubumbashi mwaka 1956, katikati ya migodi ya shaba ya Katanga. Hivyo mchimbaji wa Katanga na mchimbaji wa Geita waliweza kueleza maumivu yao kwa Kiswahili kinachokaribiana, lakini mmoja akaandikiwa dawa na mtu aliyesomeshwa kwa Kifaransa na mwingine na mtu aliyesomeshwa kwa Kiingereza.

Kelele zilifika na mashine. Wajerumani waligundua dalili za dhahabu Geita mwishoni mwa karne ya 19, ila mgodi mkubwa ulianza kuzalisha katika miaka ya 1930 na kufungwa mwaka 1966, ukiwa umetoa karibu wakia milioni 1 za dhahabu. Mwaka 1940 mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, mkoani Shinyanga. Alijenga pale mji mzima wenye hospitali yake, shule na uwanja wa ndege, akafa mwaka 1958. Katika migodi ya namna hiyo mwamba ulitobolewa kwa mashine za upepo, ukalipuliwa kwa baruti, kisha ukasagwa kwenye vinu vilivyofanya kazi usiku na mchana. Hospitali za migodi zilishughulikia malaria, kuhara, mifupa iliyovunjika na vifua. Uziwi haukuwa na kitanda wodini. Mtu hafi kwa kutosikia, wala havuji damu, na msimamizi aliona mzee anayepayuka tu.

Elimu ya kupima usikivu ilikuwa changa popote duniani. Odiometa za umeme, yaani mashine za kupima usikivu, zilianza kutengenezwa Marekani katika miaka ya 1920, lakini audiolojia ilisimama kama taaluma yenye jina na walimu wake baada ya mwaka 1945, pale hospitali za jeshi la Marekani zilipojaa askari walioharibiwa masikio na mizinga. Raymond Carhart wa Chuo Kikuu cha Northwestern huhesabiwa kuwa mwasisi wake. Katika ulimwengu wa Kifaransa, Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, kilianzisha mafunzo ya matatizo ya usemi na usikivu mwaka 1956, mwaka uleule aliofariki Atiman. Ufaransa yenyewe ilichukua njia tofauti: sheria ya Januari 1967 iliitambua kazi ya mtaalamu anayechagua na kurekebisha vifaa vya kusaidia kusikia, naye husoma miaka 3 na kutunukiwa diploma ya taifa. Kanada humtaka mwanafunzi afike shahada ya uzamili kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi. Tofauti hiyo si ndogo kwa Mtanzania anayechagua pa kwenda, kwani wa Montréal hujifunza kuchunguza mfumo mzima wa usikivu, wakati wa Ufaransa kwa kawaida humpokea mgonjwa ambaye daktari wa masikio amekwisha kumchunguza.

Masomo yenyewe yanafanana kokote. Mwaka wa kwanza huwa na fizikia ya sauti, anatomia, fiziolojia ya neva na hesabu za takwimu. Kisha mwanafunzi huingia kwenye chumba kidogo kilichozibwa kelele, humvisha mtu vipokea sauti na kumpa kitufe. Sauti tupu hutolewa kwa mitetemo 500 kwa sekunde, 1,000, 2,000, 4,000, ikishushwa hatua kwa hatua mpaka kitufe kisibonyezwe tena. Majibu huchorwa kwenye jedwali. Sikio la mchimbaji hutambulika hapo bila maneno mengi: mstari hukaa vizuri kwenye sauti nzito, unafika 4,000 na kutumbukia. Chembe zenye vinyweleo ndani ya sikio, zile zinazopokea sauti nyembamba, hufa kwanza kwa kelele, na zikifa hazioti tena.

Kiasi kinachoziua kinajulikana. Desibeli 85 kwa saa 8 ndicho kiwango kinachotumiwa sana kama mpaka; kwa kanuni iliyo kali zaidi, kila zikiongezeka 3 muda salama hupungua kwa nusu, hivyo kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 15. Mashine ya kuchoronga mwamba hupita 110.

Nchini Tanganyika huduma ya viziwi ilianza upande wa shule, kabla ya hospitali. Kanisa Katoliki lilifungua shule ya viziwi Tabora mwaka 1963, ya kwanza nchini, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na mzazi wa Shinyanga au Geita. Buguruni, Dar es Salaam, ilifuata mwaka 1974. Mjini Shinyanga kituo cha Buhangija, kilichoanza kwa ajili ya wasioona, kilikuja kupokea pia watoto viziwi na wenye ualbino. Walimu wa elimu maalumu walifundishwa Patandi, Arusha. Madaktari walianza kufundishwa Dar es Salaam mwaka 1963. Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa, ilifunguliwa Mwanza mwaka 1971, na mafunzo ya udaktari yakaanza hapo mwaka 2003. Mganga wa zahanati alifundishwa kutibu sikio linalotoa usaha, ugonjwa ambao umewaharibia watoto wengi usikivu kuliko mgodi wowote. Kupima usikivu hakukuwa sehemu ya kazi yake, na hata angetaka, odiometa haikuwepo.

Baadhi ya uziwi ulitoka kwenye dawa. Vumbi la mwamba huchosha mapafu na kuyafungulia njia kifua kikuu, na miongoni mwa dawa zake za zamani, streptomaisini na kanamaisini zinaweza kuua chembe zilezile zinazouawa na kelele. Mchimbaji aliyetobolea mwamba kisha akachomwa sindano hizo kwa miezi alipigwa mara mbili mahali pamoja. Wagonjwa wa kifua kikuu sugu wa Tanzania walianza kutibiwa Kibong'oto, Kilimanjaro, mwaka 2009, na muongo mmoja baadaye Shirika la Afya Duniani liliacha kupendekeza kanamaisini.

Wimbi la pili la migodi lilikuta sheria mpya. Mgodi wa Geita ulifunguliwa upya mwaka 2000, Bulyanhulu ulianza kuzalisha mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 iliwataka waajiri kuwapima wafanyakazi wao afya, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi mwaka 2015. Hapo odiometa ikaingia rasmi katika ukanda wa dhahabu, kwenye zahanati za kampuni, pamoja na viziba masikio vya rangi ya machungwa. Utafiti kuhusu wachimbaji wa Tanzania uliochapishwa mwaka huohuo wa 2015 ulikuta kwamba karibu nusu ya waliopimwa walikuwa na upungufu wa usikivu uliotokana na kelele.

Hao ni wenye mwajiri. Katika machimbo ya Rwamgasa, Nyarugusu, Mgusu na Mwakitolyo, wachimbaji wadogo hushuka kwa kamba kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, na mawe yao husagwa kwenye makarasha: mapipa ya chuma yenye vyuma vizito ndani, yanayozungushwa na injini ya dizeli kuanzia asubuhi hadi giza. Anayeyalisha husimama hatua mbili tu kutoka kwenye pipa na kuzungumza na wenzake kwa vidole. Zebaki inayokamatia dhahabu baada ya hapo nayo hudhuru neva. Ukaguzi wa usikivu haufiki hapo kwa sababu hakuna kampuni ya kuagizwa, na mchimbaji wa leo anaweza kuwa mkulima wa pamba mwezi ujao.

Aliyesomea audiolojia kwa Kifaransa akifanya kazi huku hukutana na tatizo ambalo kitufe na sauti tupu havilionyeshi. Baada ya kupima sauti tupu, mtaalamu hupima maneno, kwa kuwa mgonjwa haji kulalamikia mitetemo 4,000. Analalamika kwamba haelewi anaambiwa nini. Vyuo vya Kifaransa hufundisha kwa orodha za Jean-Edmond Fournier za mwaka 1951, zenye maneno ya silabi mbili, na za Jean-Claude Lafon za mwaka 1964, zenye maneno mafupi ya sauti tatu. Vyuo vya Kiingereza vina orodha zao. Zote hazimfai mama wa Kahama. Maneno ya Kiswahili ni marefu na karibu kila silabi huishia kwenye irabu, ambayo ni nzito na husikika hata kwa sikio lililochoka. Mtu mwenye sikio la mgodini akiambiwa saa, taa au kaa husikia "aa" tatu zinazofanana. Katika sentensi atakisia na kupatia, na jamaa zake wataapa kwamba anasikia. Kisukuma kina jambo jingine zaidi: ni lugha ya toni, na kupanda na kushuka kwa toni hubebwa na sauti nzito ambazo kelele huchelewa kuziharibu. Mzee anaweza kuonekana mzima akizungumziwa Kisukuma, akapotea akizungumziwa Kiswahili na karani wa hospitali.

Kwa hiyo kipimo cha maneno kinatakiwa kutungwa upya na mtu anayeijua lugha na fizikia ya sauti kwa pamoja, kazi ambayo haina mkato. Wenye ujuzi huo ni wachache mno. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilieleza kuwa watu milioni 430 duniani wanahitaji huduma ya usikivu, na kwamba katika nchi za kipato cha chini, zaidi ya 9 kati ya kila 10 zina mtaalamu wa audiolojia chini ya mmoja kwa kila watu milioni 1. Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017, kazi iliyokuwa ikipelekwa India. Upasuaji huchukua saa chache, lakini mtoto hufundishwa kusikia kwa miaka, na anayemfundisha lazima aseme lugha ya nyumbani kwake.

Kijana wa Geita anayetaka kazi hiyo leo kwa kawaida huanza na utabibu, uuguzi au shahada ya sayansi, kisha hutafuta masomo ya juu nje ya mkoa wake. Nairobi kuna kozi ya masikio, pua na koo kwa matabibu, Afrika Kusini kuna shahada kamili, na yote hayo ni kwa Kiingereza. Anayependa njia ya Kifaransa huhitaji kwanza kukijua Kifaransa, ambacho katika sekondari za Tanzania ni somo la hiari, na madarasa ya Alliance Française yako Dar es Salaam na Arusha, mbali na kwao.