Siri ya Maji ya Sabuni

Msomaji mpenzi, kila siku mikono yako hushika maji na sabuni, lakini huenda hujapata kujiuliza ni nani waliotangulia kuifumbua kazi ya sabuni ndani ya maji. Habari yao haikuanzia katika chuo chenye sifa. Ilianzia jikoni, katika mji wa Braunschweig, Ujerumani.

Agnes Pockels alizaliwa mwaka 1862. Aliipenda mno elimu ya maumbile, lakini katika ujana wake milango ya vyuo vikuu vya kwao ilikuwa imefungwa kwa wanawake. Ndugu yake mdogo, Friedrich, aliingia chuoni kusoma fizikia; Agnes alibaki nyumbani kuwauguza wazazi na kuosha vyombo. Kazi hiyo, ambayo wengi huiona duni, ndiyo iliyomfumbua macho. Aliona kwamba uso wa maji hubadilika mara uguswapo na mafuta au sabuni.

Yafaa ujue kwamba uso wa maji umejikaza kama ngozi ya ngoma. Ndiyo sababu mdudu mwepesi husimama juu yake asizame. Agnes alitaka kuupima mkazo huo. Alijaza maji katika hori la bati, akaweka ukanda wa bati wa kusogezwa huku na huku, kisha akaning'iniza kifungo katika mizani ili apime nguvu itakiwayo kukibandua juu ya maji. Aligundua kwamba utando wa mafuta ukisongwa mpaka kufikia kiasi fulani, mkazo huanza kupungua ghafla. Januari 1891 alimwandikia Lord Rayleigh wa Uingereza. Bwana huyo angaliweza kuipuuza barua ya mtu asiye na shahada wala cheo. Badala yake aliipeleka kwa jarida la Nature, ikachapishwa mwezi Machi mwaka ule ule.

Basi uso ulianza kujulikana. Je, ndani ya maji mlikuwa na nini? Yapata miaka ishirini baadaye, katika mji wa Bristol, James McBain, mzaliwa wa Kanada, na mwalimu wa kemia Millicent Taylor walipitisha umeme katika maji ya sabuni ya moto. Sabuni ni aina ya chumvi, na chumvi iyeyukapo hugawanyika kuwa ioni, yaani chembe zibebazo umeme. Hapo palikuwa na fumbo. Vipimo vingine vilionyesha kwamba chembe zilizo huru ni chache, kana kwamba sabuni imegandamana. Lakini umeme ulipita vizuri. Mwaka 1913 McBain alitoa jawabu: ioni za sabuni hujikusanya katika mafungu, na mafungu yenyewe hubeba umeme. Mafungu hayo huitwa miseli. Wataalamu wengi hawakulikubali jambo hilo upesi, lakini vipimo havikurudi nyuma. Mwaka 1936 G. S. Hartley alieleza umbo la miseli: ni kama mpira mdogo, mikia ipendayo mafuta imejificha ndani, na vichwa vipendavyo maji vimeelekea nje.

Sasa tazama jinsi habari ya uso na habari ya ndani zinavyokutana. Chukua sodiamu dodesili salfeti, itumikayo katika dawa nyingi za meno, uiyeyushe kidogo kidogo katika maji ya nyuzijoto 25. Mkazo wa uso hushuka kutoka milinyutoni 72 kwa mita hadi 40 hivi, kisha husimama. Hapo pana gramu 2.3 hivi katika lita moja. Ukipima umeme, utaona kwamba mahali pale pale upitaji wake huanza kuongezeka polepole kuliko mwanzo. Sababu ni moja: uso umejaa, na sabuni izidiyo huunda miseli. Miseli hizo ndizo zinazoyameza mafuta ya sahani yako na kuyachukua pamoja na maji.

Mwaka 1932, Agnes akiwa na umri wa miaka 70, chuo cha ufundi cha Braunschweig kilimtunukia shahada ya heshima ya udaktari. Alifariki mwaka 1935. Heshima ilichelewa, lakini elimu yake haikungoja: ilikuwa imekwisha kupita katika mikono ya wengine, nao wakaiendeleza. Nawe, msomaji, usidharau karo la jikoni, wala usimdharau asimamaye mbele yake.